Tutawakumbukaje abiria wa daraja la tatu? Miaka 30 tangu kuzama kwa MV Bukoba

Mwalimu wa Bukoba

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wengine wote. Tarehe 21 Mei 2026 itatimia miaka 30 tangu meli ya MV Bukoba ipinduke na kuzama katika Ziwa Victoria, asubuhi, ikiwa imebakiza safari fupi kufika bandari ya Mwanza. Nina swali ambalo nimelibeba kwa muda mrefu, na naomba msaada wa wale waliouona msiba ule kwa macho yao au waliopata misiba ya namna hiyo baadaye.

Mama yangu mdogo alikuwa ndani ya meli ile. Alipandia Kemondo jioni ya tarehe 20, akiwa na mikungu mitatu ya ndizi na kahawa ya kutafuna ambayo bibi alimfungia kwenye jani kavu la mgomba, akaenda kwa kaka yake Mwanza ajifunze ushonaji. Kabla hajaondoka, yeye na mama walikata doti mpya ya kanga, kila mmoja akachukua kipande chake. Habari zilipofika, babu alikwenda Mwanza kwa njia ya barabara, akiwa amekibeba kile kipande cha mama ili alinganishe na nguo za waliotolewa majini. Alizunguka kwa siku nne akifunua na kufunika, kisha akarudi na kanga ile ile aliyoondoka nayo. Mpaka leo imo sandukuni kwa mama, na pindo lake la upande mmoja halijakunjwa wala kushonwa. Limebaki na nyuzi zinazoning'inia pale mkasi ulipopita.

Kwetu Wahaya mtu huzikwa kibanjani kwao, kati ya migomba, ili wanaobaki wawe wakipita hapo kila siku. Mama mdogo hana kaburi kibanjani, na sijapata karatasi yoyote yenye jina lake kama abiria, kwa sababu alisafiri daraja la tatu, ambalo watu wake hawakuorodheshwa.

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana, siku hiyo ya Mei, niliwauliza wanafunzi wangu 46 kilichotokea mwaka 1996, na ni wawili tu waliojua, ingawa naamini wengi wao wana ndugu aliyepotea majini. Ningependa mwaka huu tufanye jambo lililo zaidi ya kusimama kimya kwa dakika moja na kurudi darasani. Nimefikiria kuwatuma wanafunzi wakusanye majina ya waliopotea katika kata yetu, nyumba kwa nyumba. Je, ni jambo jema, au nitakuwa ninawatonesha watu vidonda? Na kama ni jema, lifanywe kwa utaratibu gani?

Bibi wa Igoma

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba ambao umeurithi bila kumjua aliyeondoka. Mimi nimekaa Igoma tangu kabla ya msiba, na makaburi ya pamoja ya MV Bukoba yapo hapa kwetu.

Nitakueleza ninachokumbuka, kwa sababu wanaokuja kila mwaka huona mnara na nyasi zilizofyekwa, lakini hawaoni siku zile. Rais Mkapa alikuwa ametangaza siku tatu za maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na redio ikawa haina muziki wa kawaida. Mjini watu walikuwa wakiwatafuta ndugu zao kati ya maiti waliolazwa kwa safu, kama alivyofanya babu yako. Lakini maiti aliyekaa majini hangoji, na joto la Mwanza mnalijua. Ilifika siku ambayo wasiotambuliwa ilibidi wazikwe, na ndipo malori yalipoanza kuja Igoma. Vijana wa hapa walichimba pamoja na askari, na sisi kina mama tulikuwa tukichota maji ya kunywa na ya kunawa, kwa sababu hakuna jambo jingine ambalo mikono yetu iliweza kulifanya. Kulikuwa na mapadri na wachungaji, kulikuwa na masheikh, kila mmoja akiomba kwa namna yake juu ya watu ambao hakuna aliyejua walikuwa wa dini gani.

Kitu kimoja kimenikaa. Kijana mmoja wa kuchimba alipanda juu kupumzika, akaniuliza, "Mama, huyu niliyemweka sasa hivi anaitwa nani?" Sikuwa na jibu, naye alijua kwamba sina. Alinawa akarudi shimoni.

Kwa hiyo swali lako mwanangu, kwangu mimi, lina jibu. Kusanya majina. Kila tarehe 21 Mei ndugu hufika hapa, wengine kutoka mbali sana, na wanapoweka maua yao huwaona wanasitasita, hawajui wayaweke upande gani, kwa kuwa hawajui mtu wao yuko wapi, wala kama yuko hapa hata kidogo. Ukija na jina la mama yako mdogo limeandikwa vizuri kwenye karatasi, lisome kwa sauti. Hata asipokuwa Igoma, awe alibaki ziwani, jina lake litakuwa limetajwa mahali walipo wenzake aliosafiri nao.

Baharia Mstaafu

Nimewasoma wote wawili kwa heshima. Nilifanya kazi ya meli katika ziwa hili kwa miaka mingi, ingawa sikuwahi kupangiwa MV Bukoba, na naomba niongeze jambo ambalo naona husahaulika kila tunapoadhimisha: kwa nini majina hayapo.

MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 na tani 850 za mizigo. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilionyesha watu 443. Yaani kabla hujamhesabu hata mtu mmoja wa daraja la tatu, meli ilikuwa tayari imezidi. Na daraja la tatu ndilo lililokuwa na watu wengi zaidi: wafanyabiashara wa ndizi, wanafunzi, akina mama na watoto wao, na vijana kama mama mdogo wa mwalimu. Hao walikata tiketi, wakapanda, wakatafuta mahali pa kuketi, na hakuna aliyewauliza majina yao. Ndiyo maana hadi leo utasikia wengine wakisema walikufa watu zaidi ya 500, wengine 800, wengine hata 1,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo ni binadamu mamia kadhaa, na kila mmoja alikuwa na mama.

Watu wengi hudhani orodha ya abiria ni karatasi ya kiofisi tu. Sisi tuliofundishwa kazi tunajua kwamba orodha ni chombo cha usalama kama lilivyo boya. Nahodha anayejua ana watu wangapi anajua pia uzito umekaa wapi. Meli inapolala upande mmoja, maji huisukuma irudi wima, mradi uzito wake mkubwa uko chini. Ukijaza watu na mizigo sehemu za juu, na matangi ya chini yakawa hayana maji ya kutosha ya kuisawazisha, ile nguvu ya kuirudisha hupungua, hata ikafika mahali ambapo meli ikilala hairudi tena. Halafu abiria, kwa hofu, hukimbilia upande mmoja, na hapo mambo huwa yamekwisha. Mtu wa gati anayepokea fedha na kuacha watu ishirini zaidi wapande haoni kosa lolote, kwa sababu meli haibadiliki mbele ya macho yake. Ingebadilika, hakuna ambaye angeruhusu.

Kuna jambo jingine ambalo ni chungu, lakini si haki tulikwepe tunapofundisha vijana. MV Bukoba ilipopinduka haikwenda chini mara moja. Ilielea tumbo likiwa juu, kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa ndani, na hewa hiyo hiyo ndiyo waliyokuwa wakiivuta watu waliokwama humo. Walisikika wakigonga. Waokoaji wakakata tundu kwenye chuma ili wawatoe. Hewa ikatoka kupitia tundu hilo, maji yakapanda, na meli ikazama pamoja na waliokuwa wakigonga. Nimewasikia watu wakiwalaumu waliokata, na nakataa kabisa lawama hiyo. Walikata kwa nia ya kuokoa, kwa vifaa walivyokuwa navyo, bila mtu mwenye ujuzi wa kuwaambia kwamba hewa ile ndiyo iliyokuwa inaibeba meli. Lawama ni ya nchi iliyokuwa na ziwa kubwa kuliko yote Afrika bila kuwa na kikosi cha uokoaji kilichofundishwa.

Kwa hiyo mwalimu, kusanya majina, lakini usiishie hapo. Wapeleke wanafunzi wako gatini, wakaone mstari uliochorwa ubavuni mwa meli unaoonyesha inaruhusiwa kuzama kiasi gani ikiwa na mzigo, na waambie kwamba mstari huo ukiwa chini ya maji wana haki ya kushuka.

Mtoto wa Manusura

Ninaomba kutofautiana kidogo, na naomba mnisamehe kama maneno yangu yatawaumiza.

Baba yangu alikuwa kwenye meli ile na akatoka hai. Aling'ang'ania godoro pamoja na mtu mwingine ambaye hakumfahamu, na walipookolewa alikuwa peke yake. Hayo ndiyo yote ninayoyajua, na nimeyajua kutoka kwa mama, kwa sababu baba hajawahi kuyatamka mbele yetu. Kila mwaka, tarehe 21 Mei, anazima redio asubuhi, anakwenda shambani, na harudi mpaka giza liingie. Mwaka mmoja alifika mwandishi wa habari nyumbani, bila taarifa, akiwa na kinasa sauti. Baba alimkaribisha, akampa kiti, akamwagiza mdogo wangu alete chai, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na hakuonekana kwa siku mbili.

Kwa hiyo ninaposoma habari za wanafunzi 46 wakizunguka na madaftari, moyo wangu unasita. Waliokufa wanahitaji kutajwa, nakubali, lakini waliosalia nao ni watu wa msiba huo. Mwalimu, tafadhali usimtume mtoto kwenye nyumba ambayo hujaipigia hodi wewe mwenyewe kwanza.

Mtendaji Mstaafu, Muleba

Mwenzetu hapo juu amesema kweli, na ninadhani kuna njia ya kuliheshimu ombi lake bila kuliacha jambo la mwalimu. Nilikuwa mtendaji wa kijiji wakati ule, na kazi ya kuandika taarifa za waliopotea iliniangukia. Nitasema nilichojifunza kwa kukosea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika majina kama yalivyotamkwa kwa mazoea. Nilipata "Mama fulani" na "kijana wa duka lile", na miaka miwili baadaye hata mimi mwenyewe sikuweza kumtambua mtu. Andika jina la ubatizo au la dini, jina la nyumbani, jina la baba, kitongoji alichotoka, umri hata kama ni wa kukadiria, na alikuwa anakwenda kufanya nini. Hilo la mwisho ndilo linalomfanya abaki mtu. Andika pia ni nani aliyekueleza, kwa sababu mtu mmoja hutajwa na nyumba tatu, kwa baba, kwa mume na kwa mjomba, na usipokuwa mwangalifu utamzika mara tatu.

Pili, anza na familia ambazo hazikupata maiti. Hao ndio wenye kiu ya kusikilizwa, na mara nyingi watakushukuru. Walionusurika waache waje wenyewe. Tangazo lisomwe kanisani na msikitini, kwamba anayetaka kuleta jina alilete, siku fulani, shuleni. Asiyetaka hataulizwa.

Lile daftari langu lilipelekwa ofisini na sikuliona tena. Mwalimu, andika nakala mbili.

Wa Ukara

Poleni nyote. Nimetoka kisiwa cha Ukara, na ninyi mnaozungumzia miaka 30 mnanifanya nihesabu miaka yangu mwenyewe.

MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, ambayo ilikuwa siku ya gulio la Bugolora. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Kilikuwa kinakuja kwetu, na kilipinduka karibu na ufuko kiasi kwamba tuliosimama nchi kavu tuliwatambua watu kwa nguo zao. Waliothibitishwa kufa walikuwa 228. Mtu mmoja, fundi wa injini, alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka, na mimi niliposikia habari hiyo nilikumbuka mara moja wale wa MV Bukoba waliogonga kutoka ndani.

Ninachotaka kumwambia Baharia ni kwamba miaka 22 ilikuwa imepita. Ziwa ni lile lile, kujaza ni kule kule, na mtu wa gati ni yule yule uliyemweleza. Tofauti yetu na watu wa Kagera ni moja tu: Ukara ni kisiwa kidogo na tunafahamiana. Jioni ile ile kila kitongoji kilijua nani hajarudi kutoka gulioni, kwa sababu sufuria zilikuwa zimesubiri. Kwa hiyo majina tulikuwa nayo, si kwa sababu kivuko kilikuwa na orodha, bali kwa sababu majirani walikuwa nayo vichwani. Mwalimu, jambo hilo hilo bado linawezekana kwenu, lakini wenye majina vichwani wanazidi kupungua kila mwaka.

Mpemba

Assalaam alaykum. Nami nina wangu waliopotea, katika bahari na si ziwani. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kuja Pemba, siku chache tu baada ya Idi. Dada yangu alikuwamo, na mgongoni alikuwa na mwanawe wa miezi minane. Mtoto wa mgongoni hakatiwi tiketi. Ukitafuta hesabu ya abiria kwa tiketi, mpwa wangu hakuwahi kusafiri.

Kwa upande wetu, wengi hatuna desturi ya kuadhimisha mwaka kwa maua na mnara. Tunasoma khitma, tunawaombea dua, na tunatoa sadaka kwa niaba yao. Lakini nataka kueleza kwa nini orodha ni jambo la walio hai pia. Mwanamke ambaye mume wake hakuonekana maiti, wala jina lake halimo popote, anaanza kuhesabu eda tangu siku gani? Mirathi inagawiwa kwa ushahidi gani? Mama mmoja jirani yangu alikaa muda mrefu akienda ofisi hii na ile, akiambiwa kila mahali alete uthibitisho kwamba mume wake alipanda. Angeuleta kutoka wapi? Aliyepaswa kuuandika ndiye huyo huyo aliyekuwa anamwomba. Hatimaye alikubaliwa kwa ushahidi wa kijana mmoja aliyemsaidia mume wake kubeba gunia mpaka ngazini. Gunia lile ndilo lililompa mjane wake haki.

Kwa hiyo mwalimu, katika lile daftari lako ongeza safu moja: nani alimwona akipanda.

Mwalimu wa Bukoba

Nimesoma kila neno, mengine zaidi ya mara moja, na nawashukuru kwa dhati. Kwa ndugu Mtoto wa Manusura, naomba radhi kwamba sikuwa nimewafikiria watu kama baba yako. Nitapita mwenyewe kwanza, na nyumba itakayonyamaza nitaiacha. Nimezungumza na paroko na imamu wa hapa kwetu, na wote wawili wamekubali kusoma tangazo kama alivyoshauri Mzee wa Muleba. Nimenunua madaftari mawili. Safu ya aliyemwona akipanda nimeshaichora.

Jana nilimpigia mama simu ili ukurasa wa kwanza uwe wa mdogo wake. Nilidhani ningepata jina na umri tu. Aliniambia kwamba aliyemsindikiza Kemondo alikuwa yeye, na kwamba alimwona ameketi sitahani, mgongo ameuegemeza kwenye mikungu yake, kanga ameifunga kichwani kwa sababu ya upepo. Katika miaka yangu yote sikuwahi kulisikia hilo. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia, naye akasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bibi wa Igoma, shikamoo tena. Mama hajapanda chombo chochote cha majini tangu mwaka 1996, hata pantoni la Busisi alilikataa, ndiyo maana hajawahi kufika kwenu. Lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka jana, basi linavuka juu ya maji bila mtu kushuka, na amesema kwa njia hiyo atakuja. Tutaondoka Bukoba tarehe 20. Anauliza kama inaruhusiwa kuja na kanga, na kama nyumbani kwako mnatafuna kahawa, maana hawezi kuingia kwa mtu mikono mitupu.

Bibi wa Igoma

Marahaba. Mwambie aje na kanga, na kahawa tutaitafuna wote. Mkishuka stendi mniulizie kwa jina la Bibi wa makaburini, hakuna asiyenijua. Kitanda kipo.